Kidude Shingoni mwa Beberu

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Riyadh. Je, kile kisunzi kimekuachilia? Mvua imefika Ndara ama bado ni vumbi na ndovu tu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo inasumbua. Barua hii na mzigo nimempa Mwende, yaya wa jirani. Mkataba wake umeisha na wamemruhusu aende. Wangu pia umeisha, mama. Madam anasema ningoje apate msichana mwingine, na pasipoti ameifungia kabatini.

Sasa tuongee mambo ya kile kidude. Nilikutumia ukivae shingoni, ili ukianguka njiani nione kwa simu uko wapi. Siku hiyo napiga pasi, mchana, nikaona mama yangu amevuka waya wa ranchi, yuko pale bwawani ndovu hunywa maji. Hasogei. Uui! Nikapiga simu yako, haipatikani. Nikakimbilia mlango, nikakumbuka ufunguo ni wa madam. Na hata ungefunguliwa, ningefika Ndara na nini? Nikampigia binamu yangu Mwakio, akatoka Voi na bodaboda yake mbio. Kumbe ni yule beberu wako, amevaa kidude changu, anatafuna majani kama bwana harusi!

Mwakio alipofika nyumbani akakupa simu, nawe bila haya ukaniambia, "Mimi nipotee nikienda wapi? Huyu ndiye hupotea, na akipotea anaenda na mbuzi wote." Nilicheka nikilia. Ni kweli, kwetu kengele hufungwa kiongozi wa kundi. Nilisahau ni nani namtumia.

Lakini pasi nilikuwa nimeiacha juu ya kanzu ya mzee wa nyumba, ikaungua. Tangu hapo simu yangu inakaa kabati moja na pasipoti, napewa Ijumaa kidogo tu. Usijilaumu, madam angepata sababu nyingine. Nimekwama, mama. Hata jikoni kuna kamera, nikinywa chai inaniangalia. Ndiyo maana kaka aliposema tukuwekee kamera hapo nyumbani, nilikataa kabisa. Wewe si mfungwa.

Beberu abaki na kidude chake. Wewe nimekuchagulia simu ya vitufe vikubwa. Mwende ndiye aliyeninunulia, maana mimi sitoki. Nyuma ina kitufe chekundu. Ukihisi kisunzi kibonyeze, itapiga yenyewe. Ifunge kwa leso kiunoni, usiifiche kwa sanduku ati ni nzuri sana.

Binti yangu Wakesho aliomba tableti. Mwambie mamake amekataa. Itakuwa katuni kutwa, na stima zikipotea itakuwa sinia. Nimemtumia taa ya sola, asome bila moshi wa koroboi, na inachaji simu yako pia. Najua atanuna. Mchomee mahindi.

Nisalimie kaka, asikasirike kwa ajili ya kamera. Msalimie shangazi wa Njukini, maharagwe yake nayaota. Na Mwakio, Mungu amlindie hiyo pikipiki.

Jambo la mwisho, mama. Kile kitufe chekundu kinapiga namba moja tu. Nilikaa na hiyo simu mkononi kitambo, nikitaka kuweka yangu. Nimeweka ya Mwakio.

Ni mimi mwanao,
Mghoi