Tani Thelathini, Tani Kumi

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na Kolwezi nzima ni tope jekundu, lakini moyo wangu ni mweupe. Leo nimerudia mtihani wa kuingia shule ya mafundi wa maabara, na safari hii hesabu ya asilimia haikunipiga chenga.

Mwaka jana niliangukia hapo hapo. Nyumbani wakasema mara mbili zinatosha. Nikishindwa leo, naenda Sandoa kuuza mihogo na shangazi. Shangazi nampenda, biashara yake siipendi.

Nikiri kosa lilitoka wapi. Baba yangu ni mchimbaji huko Mutoshi. Yeye na wenzake huchanganya mawe mfuko kwa mfuko: mmoja wa mawe mazuri, mmoja wa mawe hafifu. Shaba asilimia mbili na asilimia sita? Jumlisha, gawa kwa mbili, nne. Nimesikia hivyo tangu utotoni. Kwao ni sahihi, kwa sababu mifuko yao ni sawa kwa uzito.

Mtihani hauna mifuko sawa.

Leo waliuliza: tani thelathini za asilimia mbili zimechanganywa na tani kumi za asilimia sita. Mkono ulitaka kuandika nne, nikaukataza. Nikatafuta kwanza shaba yenyewe. Zile thelathini zina kilo mia sita. Zile kumi nazo, mia sita. Jumla kilo elfu moja na mia mbili ndani ya tani arobaini. Asilimia tatu. Mawe hafifu ndiyo mengi, lazima yavute jibu upande wao. Nilimaliza wa kwanza chumbani, na sioni haya kuliandika hapa.

Jioni baba akauliza swali lilikuwaje. Nikamsomea. Akajibu nne papo hapo, kwa fahari. Nikamweleza polepole. Akavua buti zake, kisha akasema, "Kumbe ni mi njo nilikuangushaka mwaka ile."

Ningeweza kumdanganya. Nilimjibu, "Ndiyo, tata." Iliniuma kusema.

Akavuta kiti karibu na daftari langu. "Basi unifundishe na mi."

Tumefanya hesabu nne. Tatu amekosa. Ya nne ameipata peke yake, akamwita mama aache sufuria aje kuiona.

Matokeo ni wiki ijayo, na najua nimepita. Ninachojiuliza ni kingine: kwa nini nilikaa mwaka mzima bila kumwambia?