Ujumbe Ambao Babu Hakuutuma

Jumatatu, 10 Machi 2025

Sijamwambia mtu. Lile neno la daktari nalijua.

Nyumbani nimesema, "Babu ana maji kifuani." Si uongo — yalitolewa, nimeyaona kwenye chupa, kama chai ya rangi. Lakini maji si ugonjwa. Ugonjwa ni mesothelioma. Daktari wa Mbeya alilisema akinitazama mimi, kwa sababu aliniuliza nimesoma nini, nikajibu nimemaliza Form Four, sayansi. Ningejua ningesema sanaa.

Kabla ya hapo alimwuliza Babu kazi yake ya zamani. Fundi paa. Babu akafurahi! Akataja shule, makanisa, maghala — yote mabati ya asbesto, yote kayakata kwa msumeno wa mkono. Vumbi lake jeupe, akasema, laini kama sembe. Daktari akaandika. Babu alidhani anasifiwa.

Jumanne, 11 Machi

Bando limeisha, ila nimeelewa. Mapafu yamevikwa utando mwembamba, kama ngozi ya karanga. Huo ndio pleura. Vumbi la asbesto ni nyuzi ndogo mno. Ukizivuta kwa pumzi, nyingine hazitoki tena. Zikiyatia mapafu yenyewe makovu, hiyo ni asbestosis. Saratani ikianzia kwenye ule utando, ndiyo mesothelioma. Inaweza kukaa miaka thelathini, arobaini, ndipo ijitokeze. Babu aliacha kazi kabla sijazaliwa.

Nimetafuta pia "palliative", maana daktari aliirudia. Ni kutuliza maumivu. Kuponya hakumo.

Neno la Kiswahili la mesothelioma sikulipata. Afadhali. Lingekuwepo ningelazimika kulisema.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mama anasema kokoa inaharibika. Jumamosi mdogo wake, mjomba Angetile, atakuja na msumeno. Yale mabati ya asbesto ya Babu yaliyoegemea nyuma ya choo yakatwe, tuezeke kibanda cha kuvundikia kokoa. Mimi nishike upande mmoja. Mama atafagia.

Atafagia vumbi lilelile.

Kwetu mkwe na baba mkwe hawaongei ana kwa ana. Wengi wameacha. Mama na Babu hawajaacha. Mama jikoni, Babu kibarazani, ukuta mmoja katikati: "Tusa, mwambie Babu uji tayari." "Tusa, mwambie mama yako nimesikia, mimi si kiziwi." Nayapeleka yote. Maisha yangu yote sijawahi kuongeza neno.

Leo nimeongeza. Nilikwenda kibarazani, nikatazama kuku, nikarudi.

"Mama, Babu anasema mabati yake yasikatwe."

Mama akaacha kupepeta mchele. "Kasema hivyo? Kwa nini?"

"Hakusema."

"Haya. Na kokoa je, ataifunika kwa kofia yake?"

Lakini alimpigia mjomba asije. Neno la baba mkwe haliulizwi mara mbili. Nililitegemea hilo.

Jumamosi, 15 Machi

Sikufikiria adabu. Mama hawezi kupokea neno la baba mkwe asirudishe jibu. Asubuhi akapaza sauti jikoni: "Tusa, mwambie Babu tumesikia! Mabati yake hatuyakati. Atusamehe."

Babu akasikia kabla sijafungua mdomo. "Mabati gani? Nimesema nini mimi?"

Mwiko jikoni ulisimama. Nilitazama miguu yangu. Ni mirefu.

Babu akanitazama. Akakohoa kile kikohozi cha kujikunja. Kisha, kwa sauti ya kufika jikoni: "Mwambie mama yako, ndiyo. Nilisema. Yasiguswe."

"Mwambie ndaga, nashukuru," Mama akajibu. Mwiko ukaendelea.

"Kaa," Babu akaniambia polepole. Nikakaa. "Kifua changu, ni yale mabati?"

Nikaitikia kwa kichwa. Neno lenyewe hakuliuliza. Alikuwa anatazama kamba ya nguo.

"Bibi yako hakupanda paa hata siku moja."

"Ndiyo, Babu."

"Ila ovaroli zangu alizikung'uta pale, kabla ya kufua. Anamaliza mweupe mpaka kope. Namcheka, namwita mzungu wangu." Akapumzika. "Vumbi la kwenye nguo nalo linahesabika?"

Bibi alikufa nikiwa darasa la pili. Kifua. Alimaliza dawa za TB, hakupona, wakasema uzee.

Jibu nililisoma Jumanne, ukurasa uleule, chini: hata wanaofua nguo za kazi. Kama ni vumbi lililomwua Bibi, sijui kweli. Lakini hakuuliza hilo. Aliuliza kama linahesabika.

"Sijui, Babu."

"Sasa Form Four walikufundisha nini?"

"Hatukufika hapo."

"Basi kesho baba yako akirudi kutoka Kasumulu mpakani, ampigie daktari amwulize. Yeye haogopi watu."

Akafumba macho. Nikaingia ndani kuandika.

Mama anaita sasa hivi — nimwulize Babu atakula ndizi au wali. Naenda. Wewe daftari baki hapa chini ya godoro, na mtu akikufungua, hata awe Baba, mwambie na wewe hukufika hapo.