Moshi wa Majirani

Yoba, Jumanne usiku

Mtu anayesema maharagwe yaliyopikwa kwa gesi hayana ladha hajawahi kupuliza moto hata siku moja. Ni mume wangu huyo. Tangu mtungi wa gesi uingie jikoni ananusa sahani kama polisi wa forodha, na anatishia kuupeleka kwa dada yake Muyinga.

Bon, juzi mama yake akaja kutoka Butihinda na mzigo wa kuni. Akatazama paa letu, akauliza: “Moshi uko wapi? Majirani watasema mwanangu halishwi.” Nikajua nimekwisha.

Leo mchana akawasha moto nyuma ya nyumba, akarundika majani mabichi juu ya kuni. Mtaa mzima wa Yoba ukakohoa. Nikaenda kumkorogea maharagwe, nikafunua sufuria: maji matupu! Maharagwe yenyewe yalikuwa ndani ya nyumba, yanachemka taratibu kwenye gesi yangu.

“Moshi ni wa majirani,” akasema, akiukimbia moshi wake mwenyewe. “Kifua changu kimechoka, binti. Nyamaza.”

Jioni mume akala sahani mbili. “Munaona? Ya kuni iko na ladha! Kesho ile gesi inaenda Muyinga.”

Mama akamwongezea maharagwe. “Iache hapo. Nikija naitumia kuchemshia chai.”

Bwana akainamia sahani yake kama mtoto.

Ijumaa mama anarudi kwao. Mtungi umebaki, alhamdulillahi. Ila sasa kila mchana itabidi nichome majani mabichi, ili bwana apate ladha.