Shemeji Alimwaga Pombe, Lakini Mkosaji Ni Mimi

Mpendwa mshauri Bibi Damari,

Kamwene. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mimi mwenyewe nimeshajihukumu mara nyingi na bado sijapata nafuu, ingawa nikiwa peke yangu jikoni hujikuta natabasamu kwa furaha kwamba watu wote wa kitongoji chetu wako hai, na Jumapili kanisani badala ya kusali mimi huwahesabu, huyu yupo, yule yupo, mzee Kalinga anakohoa lakini yupo, ndipo napata pumzi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa kijiji kimoja huku Mufindi, mume wangu Crispin anafanya kazi ya kupasua mbao Mafinga na hurudi nyumbani Jumamosi, kwa hiyo shamba ni langu. Huku kwetu ukitaka shamba lilimwe kabla ya mvua unaita mgowe, majirani wanakuja na majembe alfajiri, wanalima mpaka mchana, kisha wewe unawapa pombe, na huna pombe huna mgowe, utalima peke yako mpaka mvua ikukute mgongo umepinda. Mwaka huu ulezi wa kimea nilikuwa nao lakini ghala la mahindi lilikuwa limebaki panya tu, nao walikuwa wanajiandaa kuhama.

Basi mwezi wa kumi nikaenda Mafinga kwenye duka la mbegu na mbolea, nikakuta foleni imezunguka nyumba, na muuzaji wa pale, bwana mmoja anaitwa Sedekia, ni mtu wa kelele. Nilimdanganya kwamba nina shamba ekari tatu ili nipate mifuko miwili ya ile mbegu mpya ya serikali, na kumbe sina hata ekari mbili, na yeye alipoweka mifuko kaunta akanyoosha kidole.

"Wewe mama! Ndiyo, wewe wa kitenge cha kijani. Sema nisikie: mbegu hii si chakula."

"Mbegu hii si chakula," nikasema.

"Sauti! Hata wale wa mlangoni wasikie."

Alinisemesha mara tatu, mimi mtu mzima, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kinamama nyuma yangu wakacheka, na mzee mmoja akasema, "Mvute na sikio, bwana, ndipo atakumbuka." Bibi Damari, nilikuwa na swali moja moyoni, nilitaka kuuliza, hata ikioshwa? Lakini baada ya kuchekwa vile ningefungua mdomo vipi tena? Nikabeba mifuko yangu, nikatoka, na njia nzima nilikuwa namjibu yule bwana kwa sauti mpaka watu wa njiani wakanitazama.

Nyumbani nikafungua mfuko mmoja, mahindi mekundu kama mlango uliopakwa rangi, na juu ya mfuko kuna picha ya fuvu la mtu na mifupa, nami nikadhani wameweka kutisha wezi. Tena nikajiambia, mwaka jana wakati wa njaa tulikula ule unga wa njano uliotoka nje, watu walisema utatuharibu matumbo na mbona tupo, basi kama mahindi ya njano yanalika, mekundu yana nini? Nikayaosha, maji ya kwanza damu tupu, maji ya pili kama chai, maji ya tatu meupe, nikafurahi, nikatwanga, nikavundika, nikakaanga, nikapika pombe pipa zima. Kuku wangu mmoja alidonoa chenga za kinuni, na jioni nikamkuta amelala miguu juu. Nikasema ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku. Nilijua si mdondo, maana wenzake wote walikuwa wazima, lakini nikasema ni mdondo na nikamzika kabla watoto hawajarudi shule.

Siku ya mgowe wakaja watu thelathini na moja, wakalima kwa nyimbo, shamba likaisha, na wakati wote huo mimi nashika jembe lakini nawaza kuku, nawaza fuvu, nawaza Sedekia, nasema nitawaambia tukifika nyumbani, nitawaambia wakikaa, nitawaambia kabla sijachota. Tukafika, wakakaa, wakaanza kuuliza vikombe viko wapi, na mimi kata iko mkononi. Hapo ndipo akatokea shemeji yangu Kasian, mdogo wake Crispin, amebeba mabanzi marefu begani ya kuziba banda la nguruwe la mama mkwe. Mtu mmoja akamsalimu kwa nyuma, naye Kasian, kwa adabu zake, akageuka mzimamzima ili aitikie, na ncha ya mabanzi ikalipiga pipa, likaanguka kutoka juu ya mafiga, na pombe yote ikaenda bondeni.

Sijawahi kuona hasira kama ile. Watu wamelima tangu alfajiri, koo kavu, wanaitazama pombe yao inaingia ardhini, na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa chini nikalia kwa furaha, wao wakadhani nalia uchungu, wakazidi kumtukana. "Mwe, shemeji, nisamehe," Kasian akawa anasema, mabanzi bado begani, anaogopa kugeuka tena.

Nguruwe wawili wa mama mkwe wakaramba machicha, na asubuhi mmoja alikuwa amekufa. Watu wote wakacheka kwamba amekufa kwa ulevi. Crispin, aliyerudi usiku ule, alikuwa ananoa kisu ili tugawane nyama, ndipo nikapiga kelele kwamba hiyo ni homa ya nguruwe, nimeiona kwa macho, na bwana mifugo akisikia tumekula ataweka karantini kijiji kizima. Wakaogopa, wakamzika.

Sasa balozi wetu wa nyumba kumi, huyo mzee Kalinga, ameamua kwamba hakuna atakayeinua jembe kwa Kasian mpaka alipe pipa la pombe alilomwaga. Kasian hana mahindi. Mkewe Leokadia ni mjamzito, wanalima wawili tu na mawingu yameshaanza kujikusanya, na kila Jumamosi Kasian ananiletea mzigo wa kuni mlangoni na kusema, "Shemeji, nisamehe," na mimi napokea zile kuni. Nazipikia. Je, ninyamaze kwa kuwa hakuna aliyekufa, au niseme nifukuzwe na mume na kijiji? Na swali jingine linalonitesa zaidi: kama Kasian asingegeuka, mimi ningewaacha wanywe?

Ni mimi, Mama wa Wanne, Mufindi, Novemba 1975.

*

Mama wa Wanne,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nimeshukuru Mungu kwa ajili ya watu wako thelathini na moja, kisha nikakukasirikia, kisha nikashukuru tena. Na jibu hili sikulitia posta. Nimempa Liberatus, dereva wa lori la mbao anayepita hapa Mlandege, Iringa, kila wiki, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Utaona sababu.

Nianze na bwana Sedekia. Amekosea, na nitamwandikia. Onyo ukilitoa kwa kumfedhehesha mtu, mtu hubeba fedheha akaliacha onyo pale kaunta. Lakini usijifiche nyuma yake, mama. Kuuliza si ujinga, na kama uliona haya kumuuliza mbele za watu, ungezunguka nyuma ya duka ukamuuliza faraghani. Ulikuwa na ulimi wa kumdanganya ekari, ukakosa ulimi wa kuuliza kuhusu uhai! Nimekuulizia mimi. Bwana shamba mmoja hapa mjini ameniambia ile dawa nyekundu huingia ndani ya punje. Haitoki kwa kuosha, kukaanga wala kuchemsha. Maji kuwa meupe maana yake umetoa rangi, sumu imebaki. Na fuvu lile halikuwekwa kwa ajili ya wezi. Liliwekwa kwa ajili yako.

Unaniuliza kama ungewaacha wanywe. Sijui, nawe hujui, na hakuna mganga wala padri atakayekuambia. Ninalojua ni hili: mume wako alipokuwa ananoa kisu, ulipiga kelele. Ulisema uongo, ndiyo, lakini ulipiga kelele na nyama haikuliwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kusema. Uache kujitesa kwa siku iliyopita, maana kuna siku iliyo mbele yako na hujaiona.

Hebu nisikilize hapa. Kasian ameamriwa alipe pipa la pombe. Mahindi hana. Mkewe ni mjamzito na mvua inakuja. Ni kitu gani kinachopatikana Mafinga mwezi huu, kwa bei ya serikali, kinachofanana na mahindi? Na ni nani aliyekuona kinuni unaosha mahindi mekundu mpaka yakawa meupe? Kwenye nyumba za jirani hakuna siri ya kinu. Wewe unakaa unajiuliza useme au unyamaze kana kwamba mambo yamekwisha, na kumbe huenda shemeji yako anaosha mbegu wakati huu unaposoma!

Kwa hiyo ukimaliza mstari huu, weka barua chini, chukua jembe, uende kwa Kasian. Usingoje Jumamosi, usingoje Crispin arudi. Uliza kwanza kama kuna mfuko mwekundu ndani ya nyumba, na ukiuona uushike. Halafu mwambie yote, yeye na Leokadia, kama ulivyoniambia mimi, kuku na yote. Kisha anza kulima. Mtu akikuomba radhi huku anakulimia, ni vigumu kumfukuza.

Kesho yake nenda na Kasian kwa mzee Kalinga. Useme wewe, asiseme yeye. Watachukia, na wana haki. Wengine watakuita mchawi kwa wiki mbili tatu, nawe utavumilia, maana Kasian amevumilia zaidi bila kosa. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umebahatika kwamba kilio hakijafika. Mume wako mwambie siku hiyohiyo akirudi, kabla hajaambiwa na wenye midomo. Mama mkwe umlipe nguruwe wake, hata kwa kitoto cha nguruwe, hata mwakani.

Hilo pipa usilichotee maji wala kulikopesha. Litoboe ulifukie, na kinu na mchi vilevile, wala usivifanye kuni. Shimo la nguruwe liongezwe udongo. Mfuko wako wa pili upande, ndiyo kazi yake, na watoto wasiuguse, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika ugali. Na zile kuni za Kasian mrudishie mzigo kwa mzigo.

Jembe liko wapi? Nenda.

Damari

*

Kwa wasomaji: barua hizi nimezitoa kwa ruhusa ya mwenyewe, na majina ya kijijini nimeyabadilisha. Liberatus alirudi Iringa wiki iliyofuata, akasimamisha lori mbele ya nyumba yangu bila hata kuzima mashine, akaniita dirishani.

"Mama, yule dada wa Mufindi anakusalimu sana. Alikwenda jioni ileile niliyompa barua, na jembe begani. Mfuko ulikuwepo chini ya kitanda cha shemeji yake, na kinu kilikuwa kimeshasafishwa. Walikuwa wanasubiri Jumatatu watwange."

"Na mfuko?"

"Uzi wa kuufungia ulikuwa haujakatwa, mama. Watu wa kule wameupanda wote shambani kwa Kasian, na wamekunywa chai."