Gobore la Babu

3 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Shangazi hawajambo? Mimi mzima wa mwili, ila moyo unachemka. Ile sura niliyoandika juu ya magobore ya katikati ya karne ya kumi na tisa, miaka yote hii navuta vumbi stoo ya makumbusho, mkurugenzi ameichapa kitabuni kwa jina lake. Mimi nimeshukuriwa kwa "kupiga chapa". Hata haya hana! Na bunduki yetu uliyoniazima ndiyo iko kwenye jalada.

Binti yako

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Huyo mkurugenzi amenikera mpaka chai imenishinda. Mwizi mkubwa! Usilie. Tafuta kosa lake, mwumbue mbele za watu, tena peupe, wala usimwonee haya. Na hiyo bunduki, ambayo babu yake babu yangu alipigana nayo vita, isifunguliwe. Baba aliniusia isiguswe hata skrubu.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Kosa nimelipata, usiniulize lipi. Rasimu aliyoiba niliiandika kwa kuamini masimulizi tu, kabla sijashika bisibisi. Kitabu kitazinduliwa tarehe 20 Aprili. Nakuomba usije. Safari ndefu, mgongo wako huo.

Binti yako

8 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nisije vipi? Suti iko kwa dobi, na shangazi zako wameshakata tiketi. Mtaa mzima nimeutangazia. Nataka nimwone mwizi akikoma, na babu yetu akipigiwa makofi, siku hiyo hiyo. Mgongo utajijua.

Baba yako

21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mmefika salama? Mliondoka kabla sijashuka jukwaani. Nilipouchomoa mtutu kwenye ubao wake, watu wakaona thredi, ile mikato ya kukazia koki, na muhuri wa kiwanda cha mabomba ya maji, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkurugenzi alikauka pale pale. Nilifurahi, baba, sikufichi. Kisha nikaona viti vyenu vitupu. Ningeweza kumwambia ofisini, mlango umefungwa. Sikutaka. Nilitaka aumbuke kama alivyoniumbua. Nisamehe, ingawa hata leo ningerudia.

Binti yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Simu hupokei. Mgongo vipi? Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

30 Mei

Marahaba.

Mgongo hauna neno. Nilikwambia usimwonee haya, na kweli hukumwonea. Yule mzee wa duka la pembeni, niliyemsimulia ile vita tangu hujazaliwa, jana ameniuliza kama naweza kumfungia sinki. Watu wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Bunduki irudishe. Usiifunge tena, iache hivyo hivyo wazi. Wala usije nayo wewe. Itume kwa basi.

Ni mimi,
Mwenye bomba