Ukuta wa Nyuma wa Ghala la Mama Kulwa

Misungwi

Baba yangu,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Mama mmoja wa kwetu anayeleta ndizi Mwanza kwa meli ameniambia siku hizi unatembelea fimbo, na kwamba kahawa ya bondeni anaichuma Mama peke yake. Habari hiyo imeninyima raha. Mimi ni mzima. Malaria ilinilaza wiki nzima, lakini imeshapita.

Niko kwa mjane mmoja wa Kisukuma, Mama Kulwa. Marehemu mumewe alimwachia shamba lililokuwa la mzungu zamani, na humo lipo ghala la mawe. Baba, ungelipenda! Kuta zake ni nene kama urefu wa mkono wangu, zimejengwa kwa udongo na chokaa, na kwenye pembe zimefungwa kwa mawe marefu ya kuchonga. Madirisha ni membamba kwa nje, yanapanuka kwa ndani, kwa hiyo mwanga unaenea hadi sakafuni. Ua mzima umezungushiwa ukuta wa mawe matupu yasiyoungwa kwa udongo, unanifika kifuani.

Sasa kwa kuwa watu binafsi wameruhusiwa kununua pamba, kuna mnunuzi anataka kulikodi ghala hilo. Shida ni ukuta wa nyuma, ulikuwa umetoa tumbo. Fundi aliyenitangulia alisema ghala lote libomolewe, lijengwe la matofali ya saruji. Mama Kulwa akaniuliza na mimi.

"Usibomoe, mama. Nipe wiki mbili."

"Ukimwangukia mtu je?"

"Utaniangukia mimi kwanza."

Niliuegemeza kwa magogo, nikabandua lipu ya saruji iliyopakwa juzijuzi. Ndani udongo ulikuwa umelowa kama uji. Nikakumbuka ulivyozoea kuniambia: kabla ya kulaumu mawe, tafuta maji yanapita wapi. Nikachimba chini, nikakuta matundu ya kutolea maji yamezibwa. Nikayazibua, kisha nikapanga upya sehemu iliyovimba, jiwe baada ya jiwe.

Alhamisi mchana ikanyesha mvua kubwa. Mama Kulwa akaja na khanga kichwani, tukasimama tunatazama. Maji yakaanza kutoka matunduni, kwanza machafu, halafu safi. Ukuta haukutikisika. Akacheka, akanishika mkono.

"Fundi, nani alikufundisha kazi hii?"

"Baba yangu."

Nikageuka upande asinione uso. Baba, niliondoka kwako bila kuaga, baada ya kukuambia mbele ya Mama kwamba kazi yako ya mawe ni ya kimaskini na saruji ndiyo maendeleo. Nilikukosea. Nimekaa na neno hili miaka yote, na leo ndipo nimepata ujasiri wa kuliandika. Nisamehe.

Nisalimie Mama, asibebe mizigo mizito. Nisalimie dada Koku na mumewe, na shangazi anayetuombea sote kwa rozari.

Tukimaliza kuliezeka ghala upya nitapanda meli nije nyumbani. Nikibisha hodi, naomba uitike wewe, hata kama ni kwa ukali.

Mwanao,
Deo