Nimeirudisha Kompyuta kwenye Mfumo wa Zamani, Mashine Bado Imeninunia

Mama Nchimunya mpendwa,

Naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunifokea, maana mke wangu ameshaniambia utanifokea na ameahidi kukata kipande hicho cha gazeti akibandike jikoni.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya bweni nje kidogo ya Kalomo. Tuna wanafunzi kumi na wanne wasioona, nao wana chumba chao chenye kompyuta moja na mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi yao ya kusoma kwa vidole, na ikichapa ina kelele kama mtu anapigilia misumari kwenye bati. Chumba hicho kiliendeshwa miaka ishirini na miwili na Mzee Habeenzu, ambaye naye haoni, mpaka alipostaafu mwezi wa nne nikakabidhiwa mimi, na siku ya makabidhiano alinipa boksi la CD akasema, "Mwanangu, humu kila kitu kina jina lake, soma kabla hujagusa," nami nikamjibu sawa mzee, huku nikiwaza chai.

Nilipolifungua, Mama, CD hazina jina hata moja! Arobaini na kitu, hakuna hata herufi ya peni, kila moja imebandikwa tu kipande cha plastiki ngumu chenye vipelevipele kama ngozi ya mtu aliyetoka kuugua tetekuwanga. Nikasema moyoni, huyu mzee atajuaje kipi ni kipi, haoni. Boksi lote nikawapa wanafunzi wa klabu ya bustani, wakazitundika juu ya mboga kufukuza ndege, na kusema kweli ndege wamepungua sana.

Sasa ile kompyuta ilikuwa na mfumo wa kale mno, ukiiwasha unaenda kula nshima na kisamvu unarudi bado inajizungusha, nami mwalimu wa kompyuta ningewekaje kitu kama hicho kwenye jina langu, basi Jumamosi moja nikaifuta yote nikaweka mfumo mpya, ikawa inawaka kufumba na kufumbua, walimu wenzangu wakaja kunipongeza, mmoja akapiga picha. Jumatatu tukataka kuchapa mtihani wa hesabu, kompyuta ikasema kifaa hakitambuliki. Nikachomoa nikachomeka. Hakitambuliki. Nikabadilisha waya. Hakitambuliki!

Nikagundua inataka draiva, yaani yale mafaili yanayoifundisha kompyuta kuongea na mashine, na waliotengeneza mashine hiyo waliacha kuishughulikia zamani, kwa hiyo hakuna draiva yake ya mfumo mpya. Nikasema haya, tunarudi nyuma. Binamu yangu wa Lusaka akanitumia mfumo wa zamani kwa basi, nikauweka, na hapo ndipo matatizo yalipoanza kuzaana. Sauti ikawa mikwaruzo mitupu. Maandishi kwenye kioo yakawa makubwa kama ya bango la barabarani. Intaneti ikakatika kwa sababu na yenyewe inataka draiva yake, na draiva ya intaneti iko wapi? Iko kwenye intaneti! Nimekwenda mjini na flashi kwa baiskeli mara tisa. Draiva ya kwanza ilikuwa ya mashine nyingine yenye jina linalofanana na letu. Ya pili ilinijibu kwa Kichina. Ya tatu haikuwa draiva, ilikuwa programu inayopiga king'ora na kusema kompyuta ina makosa mia saba na kumi na manne, na haikubali kufungwa, hata sasa ninavyokuandikia inalia.

Wakati huo mkuu wetu, Madam Hamoonga, akaniuliza kulikoni, nami nikasema umeme ulipokatika ukarudi na nguvu, ukaiunguza mashine. Akaamini papo hapo, umeme wetu si unaujua. Lakini sasa amesema watatu walioko darasa la kumi na mbili hawawezi kukalia mtihani wa taifa bila kufanyia mazoezi karatasi hata moja, na Ijumaa hii anapeleka majina yao kwenye ofisi ya elimu mjini Choma ili waahirishiwe mpaka mwakani.

Mmoja wao ni Chipego, binti anayefundisha hesabu wenzake wenye macho. Juzi alinifuata nje ya chumba, akasimama.

"Mwalimu, mashine haijaungua."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwa chini ya dirisha asubuhi. Uliiwasha, ikajikuna mara mbili, ikavuta karatasi, ikanyamaza. Iliyoungua haifanyi hivyo, Mwalimu. Ile inasubiri kutumwa."

Nikamuuliza kama amemwambia Madam.

"Sijamwambia mtu. Nilijua una sababu yako."

Mama Nchimunya, toka siku hiyo silali vizuri. Je, unamfahamu mtu yeyote mwenye draiva hii? Na je, nimwambie Madam ukweli, au ningoje niipate kwanza halafu niseme nimeitengeneza, nipate japo sifa kidogo?

Mimi niliyechoka,
Kalomo

MAMA NCHIMUNYA ANAJIBU

Mwalimu, mke wako ana akili, mwambie aandae gundi.

Barua yako imenifikia Jumatatu, nikamwomba mhariri aiweke kando barua ya dada wa Mazabuka na mashemeji zake, maana hao wapo tu hata wiki ijayo, lakini Ijumaa yako haipo. Majina nimeyaacha kama ulivyoyaandika. Hukuniomba niyafiche, na hata ningeyaficha, hiyo shule kuku wa Kalomo wangeitambua.

Hebu nianze na vile vipele. Ala! Mwalimu mzima, miezi mitano ndani ya chumba cha nukta nundu, unashika plastiki yenye nukta zilizoinuka, unafikiria tetekuwanga? Hayo ndiyo majina, baba! Mzee wa watu alikaa akaandika jina la kila CD kwa mkono wake, akakuambia kwa mdomo wake usome kabla hujagusa, wewe ukasema hazina jina. Zina jina zote. Asiyejua kusoma humo chumbani ni mmoja tu, na ndiye aliyepewa ufunguo.

Nikikumbuka ulivyosema "atajuaje, haoni," natamani nikuvute sikio nikiwa hapa hapa ofisini.

Haya, sikiliza. Mimi si fundi, lakini nimemsomea barua yako kaka yangu anayetengeneza kompyuta Livingstone, amecheka mpaka akamwaga kikombe chake cha chibwantu, kisha akatulia akasema haya. Usikanyage tena mjini na hiyo flashi. Kompyuta uliyoirudisha kwenye mfumo wa zamani haina haja ya intaneti hata kidogo, kazi yake ni moja, kuongea na mashine, na ukiiunganisha huko nje kwa umri wake itaokota kila uchafu. Hilo linalopiga king'ora halitoki kwa kubembelezwa, kwa hiyo futa tena, weka mfumo wa zamani upya, safari hii uiache imekaa peke yake. Sauti na maandishi makubwa utashughulika navyo mwezi wa kumi na mbili.

Draiva iko bustanini kwako. Mchukue Chipego leo, mwende kwenye mboga, umpe CD moja moja akusomee. Usimharakishe. Jua limezipiga tangu lini sijui, nyingine zitakuwa zimekufa, lakini zilizokaa kivulini huwa zinapona. Zisafishe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Ikisomeka, inakili mara mbili kabla hujafanya kingine chochote.

Isiposomeka, mpigie Mzee Habeenzu. Mtu aliyebandika majina kwenye CD arobaini hawezi kukosa nakala nyumbani, na kama hana, atajua nani anayo. Lakini usimpigie na hadithi ya umeme! Mwambie, "Mzee, ulinikabidhi nikapuuza, vitu vyako nimewapa ndege." Atakachokujibu kipokee, hata kikiwa kichungu, kisha umwombe akufundishe hizo nukta. Watoto wa miaka sita wanajifunza, wewe una cheti.

Sasa Madam. Unaniuliza eti ungoje uipate halafu useme umeitengeneza, upate sifa. Sifa! Umeiona vizuri hiyo sentensi uliyoiandika? Kuna binti aliyejua kwa masikio yake kwamba unadanganya, akanyamaza kwa heshima, na kunyamaza kwake kunamkatia mwaka mzima wa maisha yake. Mtihani ni wake, uongo ni wako, na anaubeba yeye. Kosa la kufuta kompyuta ningelisamehe kabla sijamaliza kikombe. Hili la Chipego silisamehe mpaka nisikie umelimaliza.

Kwa hiyo leo Jumatano, kabla hujaingia bustanini, kabla hujagusa waya wowote, unabisha hodi kwa Madam Hamoonga. Mwambie mashine ni nzima. Mwambie ulidanganya. Usimtaje binamu, usiutaje umeme, usianze na "unajua Madam." Mwombe asipeleke yale majina matatu. Atakasirika, na atakuwa na haki, huenda hata akuandikie barua ya onyo. Ipokee. Barua ya onyo haijawahi kumrudisha mtu darasa moja.

Na kuna hili. Gazeti hili hufika kwenu Jumatano mchana, na baada ya chakula mwalimu wa zamu huwasomea wanafunzi wasioona. Ninajua, kwa sababu wao wenyewe huniandikia kulalamika kwamba kuna mwalimu anauruka ukurasa wangu. Leo iombe zamu hiyo wewe. Kaa mbele yao, fungua hapa, usome barua yako yote kwa sauti, na kile ulichokisema juu ya Mzee usikiruke. Ukimaliza, usiinuke na kujifanya una kipindi. Kunja gazeti, ukae hapo hapo, wakuambie wanalotaka.